Vitundu vya majani: Mlango mmoja wa njaa na kiu ya mmea

KILA msimu wa mvua unapoharibika, wakazi wa mijini hupata taarifa yake dukani, bei ya unga inapopanda. Lawama huelekezwa kwa mawingu yaliyopita bila kunyesha, kwa gharama za mbolea na usafirishaji, na kwa wafanyabiashara walioficha mahindi ghalani.

Ni nadra kutajwa mahali ambapo hasara hiyo huanzia. Mahali penyewe ni vitundu visivyoonekana kwa macho, vilivyotapakaa kwa maelfu katika kila jani la mahindi.

Vitundu hivyo, ambavyo kitaalamu huitwa stomata, hufunguka na kufungwa kulingana na mwanga, joto, unyevu wa hewa na maji yaliyopo ardhini. Vikifunguka, mmea hula lakini hupoteza maji. Vikifungwa, mmea hutunza maji lakini hukaa na njaa.

Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Mmea wowote uliosimama juani hushika mbili kila siku ya maisha yake, na namna unavyoamua kipi kiponyoke ndiyo inayoamua kama utavuka kiangazi, na kama utazaa.

Kuufahamu mlango huu kunajibu maswali yanayomgusa hata mtu asiye na shamba. Kwa nini mahindi huweza kubaki hai hadi mwisho wa ukame na bado yasitoe kitu? Kwa nini mkonge hustawi pale mahindi yanapokufa? Na kwa nini mbegu inayosifiwa kuwa inastahimili ukame inapaswa kuulizwa swali moja zaidi kabla ya kuaminiwa?

Vitundu vyenyewe

Jani limefunikwa kwa ngozi nyembamba yenye utando wa nta. Utando huo huzuia maji yasitoke, lakini vilevile huzuia hewa isiingie. Bila matundu, jani lingekuwa sawa na chupa iliyofungwa kizibo.

Katika mimea mingi idadi ya vitundu ni kati ya 50 na 300 kwa kila milimita ya mraba, eneo lililo sawa na kichwa cha pini. Urefu wa kitundu kimoja ni sehemu chache za mia za milimita, na upana wake kikiwa wazi ni sehemu chache za elfu za milimita.

Mahali vilipo hutegemea maisha ya mmea. Miti mingi, mkahawa ukiwa mmojawapo, huwa na vitundu upande wa chini wa jani pekee, ambako jua haliwaki moja kwa moja. Mahindi na nyasi nyingi huwa navyo pande zote mbili. Yungiyungi, ambalo majani yake huelea juu ya maji, huwa navyo upande wa juu tu, kwa kuwa upande wa chini hakuna hewa ya kuvuta.

Mabaki ya mimea ya kale yaliyogeuka mawe yanaonyesha kuwa vitundu hivi vimekuwapo kwa zaidi ya miaka milioni 400. Mimea ilipohamia nchi kavu, mlango huu ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ilivyovihitaji ili kuishi mbali na maji.

Vikifunguka vyote kwa pamoja, uwazi wake kwa kawaida hauzidi asilimia tano ya eneo la jani. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayotoka katika jani hupitia humo.

Bei ya chakula ni maji

Mmea hujitengenezea chakula kwa njia ya usanisinuru. Huchukua maji kutoka ardhini na hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, kutoka angani, kisha kwa nguvu za jua huviunganisha kuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo baadaye huwa wanga wa mahindi, wa mihogo na wa viazi.

Tatizo ni kwamba hewa ya ukaa ni adimu. Kwa sasa ni kidogo zaidi ya sehemu 420 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Ndani ya jani, kwa upande mwingine, hewa imejaa mvuke wa maji karibu kufikia kikomo. Mlango unapofunguliwa, kidogo huingia na kingi hutoka.

Hesabu ya wataalamu wa mimea inaonyesha ukubwa wa gharama hiyo. Mpunga, ngano, maharage na kahawa hupoteza molekuli 400 hadi 500 za maji kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa inayotumika. Mahindi, mtama na miwa, ambayo ina namna ya kuirundika hewa hiyo ndani ya jani, hupoteza kati ya 150 na 250.

Ndiyo maana katika kila lita 100 za maji yanayovutwa na mizizi, takriban lita 97 au zaidi huishia angani kama mvuke. Mmea mmoja tu wa mahindi huweza kutumia yapata lita 200 tangu kuota hadi kukomaa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1727 mtaalamu wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha matokeo ya majaribio ambamo alipima uzito wa alizeti iliyopandwa katika chungu, siku hadi siku, ili kujua ni kiasi gani cha maji kilikuwa kikitoweka kupitia majani.

Mtu yeyote anaweza kulithibitisha bila maabara. Akilifunika jani lililo juani kwa kipande cha nailoni angavu na kukifunga vizuri kwenye kikonyo, baada ya muda ataona matone ya maji yamejikusanya ndani yake. Hayo ni maji yaliyopita katika vitundu.

Maji hayo, hata hivyo, hayapotei bure kabisa. Yanapogeuka mvuke hubeba joto na kulipoza jani, kama jasho linavyopoza mwili. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya kivuli cha mwembe kiwe na ubaridi kuliko kivuli cha bati. Aidha, mvuto wa maji yanayopanda husaidia kupandisha madini kutoka ardhini hadi kwenye majani.

Mlango unavyofunguka

Kila kitundu kimezungukwa na seli mbili zinazoitwa seli linzi. Katika maharage na mimea mingi yenye majani mapana, seli hizo zina umbo la figo. Katika mahindi, mpunga na nyasi nyingine ni nyembamba katikati na nene kwenye ncha zote mbili.

Namna zinavyofanya kazi inaweza kueleweka kwa kufikiria tyubu mbili za baiskeli zilizokatwa, zikalazwa sambamba na kuunganishwa ncha kwa ncha. Iwapo upande unaotazamana umeimarishwa usinyumbuke, tyubu hizo zikijazwa upepo zitapinda kuelekea nje na kuacha nafasi katikati. Upepo ukitolewa, zitanyooka na nafasi itafunga.

Katika seli linzi zenye umbo la figo, ukuta wa ndani ni mnene kuliko wa nje, na nyuzi zake zimeizunguka seli kama pete za pipa. Kinachojazwa si upepo bali maji. Shinikizo lake si dogo, kwani katika baadhi ya mimea hufikia zaidi ya mara kumi ya upepo uliomo katika tairi la gari.

Mjerumani Hugo von Mohl alieleza mwaka 1856 kwamba kujaa na kupungua kwa maji katika seli hizi ndiko kunakokiendesha kitundu. Swali lililobaki ni kitu gani huyaita maji hayo kuingia.

Jibu lilianza kupatikana Japani mwaka 1943, pale mtafiti S. Imamura alipohusisha kufunguka kwa vitundu na madini ya potasiamu yanayoingia katika seli linzi. Watafiti wengine walilithibitisha hilo katika miaka ya 1960.

Leo mfuatano wa matukio unafahamika vizuri. Mwanga wa alfajiri, hasa ile sehemu yake ya rangi ya buluu, hupokewa na protini maalumu katika seli linzi. Watafiti wa Japani na wenzao walizitambua protini hizo kuwa ni fototropini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001.

Zikiguswa na mwanga, huamsha pampu zinazosukuma chembe za haidrojeni nje ya seli. Nafasi ya umeme inayoachwa huivuta potasiamu ndani. Potasiamu ikishaongezeka, maji huifuata, kama chumvi inavyoyavuta maji kutoka katika kachumbari. Seli huvimba, hupinda, na kitundu hufunguka.

Yote hayo huchukua dakika chache hadi nusu saa au zaidi, kulingana na aina ya mmea. Jamii ya nyasi ina kasi kubwa, kwa sababu seli zake linzi zina seli jirani zinazobadilishana nazo potasiamu kwa haraka.

Amri ya kufunga

Udongo unapokauka, mmea haungoji hadi unyauke. Hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, iliyogunduliwa katika miaka ya 1960, ambayo kazi yake mojawapo ni kupeleka amri ya kufunga milango.

Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Ujerumani, yalitangaza kwa wakati mmoja protini zinazoipokea homoni hiyo ndani ya seli. Ikishapokewa, njia za kutolea chumvi hufunguliwa, potasiamu hutoka, maji huifuata, na seli linzi hunywea. Kitundu hufungwa katika muda wa dakika chache.

Mizizi nayo hushiriki. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walieleza kuwa katika mmea mdogo unaotumika sana maabara, Arabidopsis, mizizi inayoona kiu hutuma kipande kidogo cha protini hadi kwenye majani, nayo majani huanza kutengeneza homoni ya kufunga. Mmea hauna neva wala ubongo, lakini taarifa ya ukavu hufika juu.

Si udongo pekee unaosikilizwa. Hewa ikiwa kavu mno, vitundu hupungua upana hata kama ardhi ina maji. Giza linapoingia, mimea mingi hufunga, kwa kuwa bila mwanga hakuna chakula cha kutengeneza. Na hewa ya ukaa ikizidi ndani ya jani, mmea huona kwamba ghala limejaa na hupunguza uwazi.

Seli linzi kwa hiyo hupokea amri nyingi zinazopingana kwa wakati mmoja. Saa saba mchana jua huzitaka zifunguke, hewa kavu huzitaka zifungwe, na njaa ya jani huzitaka tena zifunguke. Upana wa kitundu ni matokeo ya mvutano huo.

Mfano mzuri ni mkahawa. Asili yake ni chini ya miti mikubwa ya msituni, na vitundu vyake ni vyepesi kufunga vinapokutana na hewa kavu na jua kali. Mkahawa ulioko wazi huweza kupunguza kazi ya kutengeneza chakula kuanzia kabla ya adhuhuri, wakati jua lingali jingi.

Kilimo cha vihamba katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako kahawa hukaa chini ya migomba na miti mirefu, kinapatana na tabia hiyo. Kivuli hupunguza joto na kuifanya hewa iliyozunguka majani iwe na unyevu, hivyo milango hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi wa siku.

Mahindi yanayonusurika bila kuzaa

Kwa mahindi, hatari haiko katika siku moja ya jua kali bali katika wakati ambao siku hizo zinaangukia. Mahindi yaliyokosa maji yangali machanga huweza kufunga vitundu, kuviringisha majani yake kama mkeka, na kusubiri. Mvua ikirudi, hufunguka na kuendelea kukua.

Hali ni tofauti wakati wa kuchanua. Mbelewele zilizo juu humwaga chavua kwa siku chache tu, na katika siku hizo ndevu za hindi hazina budi kuwa zimejitokeza ili kuipokea. Kila unywele mmoja ni njia ya punje moja.

Ukame ukiingia hapo, vitundu hufungwa, sukari hupungua, na ndevu huchelewa kutoka. Chavua humwagika kabla hazijawa tayari. Punje chache zilizobahatika kuchavushwa nazo huweza kukosa sukari ya kuzijaza, na gunzi huishia kuwa na mapengo au kuwa tupu.

Mmea wenyewe unaweza usife. Kwa mtu anayepita barabarani ndani ya basi, shamba litaonekana la kijani. Lakini mkulima akimenya, hakuta kitu. Mlango uliofungwa umeokoa mmea na kupoteza chakula.

Hapo ndipo linapotoka lile swali la kuuliza kuhusu mbegu za kustahimili ukame. Kustahimili kwa maana ya kutokufa ni jambo moja, na kustahimili kwa maana ya kuzaa ni jambo jingine. Mmea unaofunga mapema sana huvuka ukame mkali, lakini katika ukame mdogo hujinyima bila sababu na kuzidiwa mavuno na jirani yake.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwaka 2022, pale misimu mitano mfululizo ya mvua ilipoharibika katika maeneo ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Katika hali kama hiyo, hata mmea wenye hadhari kubwa hufika mahali ambapo hauna tena maji ya kutunza.

Mkonge unaokula usiku

Ipo mimea iliyolitatua tatizo hili kwa njia ya kushangaza: imebadili saa za kazi. Mkonge, nanasi, mshubiri na jamii ya dungusi hufunga vitundu vyake mchana na kuvifungua usiku, wakati hewa imepoa na maji yanayopotea ni machache.

Kwa kuwa usiku hakuna jua, hewa ya ukaa iliyoingia haiwezi kugeuzwa sukari papo hapo. Mmea huihifadhi katika umbo la asidi ndani ya seli zake. Kunapokucha, milango hufungwa, na mmea huitoa akiba hiyo kidogo kidogo na kuitumia chini ya jua bila kufungulia kiu.

Dalili ya mpango huo ilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 19, pale Benjamin Heyne, aliyekuwa India, alipoandika kwamba majani ya mmea mmoja wa aina hiyo yalikuwa na ukali wa ndimu asubuhi, lakini yalipotafunwa adhuhuri hayakuwa na ladha. Ukali ule ulikuwa akiba ya usiku.

Kwa njia hiyo mkonge hupoteza molekuli 50 hadi 100 tu za maji kwa kila molekuli ya hewa ya ukaa. Tabia hiyo ilibadili uchumi wa eneo zima. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na inaelezwa kuwa ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutoka kwa hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na katika miaka ya 1960 uzalishaji ulifikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Hata hivyo, mkonge nao hulipa. Akiba ya usiku mmoja ina kikomo, hivyo ukuaji wake ni wa polepole, na mkulima husubiri takriban miaka mitatu kabla ya kukata majani ya kwanza. Mahindi hukomaa kwa miezi michache kwa sababu hufungua milango juani.

Wageni wasioalikwa

Mlango unaopitisha hewa hupitisha pia maadui. Kuvu wa kutu ya majani ya kahawa hauna uwezo wa kupenya utando wa nta. Mbegu zake huota katika tone la maji chini ya jani, kisha uzi wake hutambaa hadi kwenye kitundu na kuingia. Unga wa rangi ya chungwa anaouona mkulima upande wa chini wa jani ni kizazi kipya kinachotokea katika vitundu vilevile.

Ugonjwa huo ulipoingia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1869, uliangamiza kilimo cha kahawa katika muda wa miongo miwili, na wenye mashamba wakageukia chai.

Afrika Mashariki imeukabili kwa njia ya mbegu. Kenya ilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) iliyoko Lyamungo, mkoani Kilimanjaro, imesambaza aina za arabika zinazostahimili kutu ya majani na chulebuni. Kwa anayetumia dawa, mahali vitundu vilipo ndipo panapoeleza kwa nini upande wa chini wa jani haupaswi kusahauliwa.

Mimea nayo haikai tu. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa seli linzi zinapohisi bakteria, hufunga kitundu. Baadhi ya bakteria wamejibu kwa kutengeneza sumu inayoiga homoni ya mmea, ambayo hulazimisha mlango ufunguliwe tena.

Hewa ya ukaa inapoongezeka

Kabla ya mapinduzi ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila milioni. Ongezeko hadi zaidi ya 420 limeacha alama katika majani.

Mwaka 1987 Mwingereza F. I. Woodward alichunguza majani makavu yaliyohifadhiwa katika makumbusho ya mimea kwa muda wa miaka 200. Aligundua kuwa wingi wa vitundu ulikuwa umepungua kwa yapata asilimia 40 katika kipindi hicho. Hewa ya ukaa ilipokuwa rahisi kupatikana, mimea ilijenga milango michache.

Habari hiyo huonekana njema, kwa sababu vitundu vichache au vyembamba huokoa maji. Lakini jani linalotoa mvuke mdogo hupoa kidogo. Katika dunia inayozidi kupata joto, mmea uliojifunga ili kutunza maji unaweza kujikuta ukiungua juani.

Kinachofanyika maabara

Wanasayansi wanajaribu kulegeza mvutano huu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza na wenzao wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, uliochapishwa mwaka 2019, ulitumia mpunga uliobadilishwa vinasaba ili uwe na vitundu vichache. Katika wiki moja ya ukuaji, mpunga huo ulitumia takriban asilimia 60 tu ya maji ya kawaida, na ulivumilia ukame kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Marekani waliripoti tumbaku iliyobadilishwa ili isifungue sana vitundu vyake kwenye mwanga. Kwa kila kiasi cha hewa ya ukaa iliyotumika, maji yaliyopotea yalipungua kwa robo.

Njia nyingine ni kuongeza kasi badala ya kupunguza idadi. Wingu linapofunika jua, jani huacha kutengeneza chakula papo hapo, lakini kitundu huchelewa kufunga na maji huendelea kumwagika bure. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliiwekea Arabidopsis njia ya potasiamu inayoendeshwa na mwanga. Vitundu vyake vilifunguka na kufungwa kwa haraka, na chini ya mwanga unaobadilikabadilika mmea huo ulikua zaidi ya maradufu ya ule wa kawaida.

Matokeo hayo ni ya maabara na vyumba maalumu vya kukuzia mimea. Kati ya chumba hicho na shamba la Dodoma au Kitui kuna upepo, wadudu, udongo uliochoka na mvua isiyotabirika.

Shambani na barazani

Wakati sayansi ikiendelea, yapo mambo ya kale ambayo kazi yake hueleweka vizuri zaidi kupitia vitundu. Matandazo ya nyasi kavu huhifadhi unyevu wa udongo na hivyo kuchelewesha amri ya kufunga. Miti ya kukinga upepo huzuia hewa kavu isiyanyonye majani. Kupanda mapema kwa mbegu inayokomaa haraka husaidia mahindi kuchanua kabla mvua haijakatika.

Kuhamisha miche jioni badala ya asubuhi huipa mizizi iliyojeruhiwa usiku mzima wa kupumzika milango ikiwa imefungwa. Udongo wenye upungufu wa potasiamu nao hudhoofisha uwezo wa mmea wa kuongoza vitundu vyake, kwa kuwa madini hayo ndiyo yanayoyaita maji.

Mkazi wa mjini mwenye maua barazani naye ana la kujifunza. Ua linalonyauka adhuhuri wakati udongo wa chungu una unyevu halina haja ya kumwagiwa maji zaidi. Limepoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kurudisha, na jioni litasimama lenyewe. Lile linaloamka asubuhi likiwa bado limenyauka ndilo lenye kiu ya kweli.

Mlango wa jani, basi, haujawahi kuwa na upande wa faida tupu. Mkonge ulichagua kufungua usiku ukalipa kwa kuchelewa kukua. Mahindi yalichagua kufungua juani yakalipa kwa kuitegemea mvua. Mbegu yoyote mpya itakayoletwa sokoni nayo itakuwa imechagua, na mkulima ana haki ya kuambiwa, kabla ya kutoa fedha zake, kuwa mlango wake unafungwa lini na gunzi litabaki na nini.